Tulivyoingojea Konsoli Ihumwa

Mbukwenyi, wanangu; nawasalimu kwa Kigogo chetu. Wengi wenu siku hizi mnafanya kazi na seva ambazo hamjawahi kuziona. Nikiwauliza ziko wapi, mnaniambia "huko", na mkono mnaunyoosha juu kama mtu anayeonyesha wingu la mvua. Sina ugomvi na hilo. Lakini mimi nilifanya kazi na mashine zenye mahali pake: chumba chake, vumbi lake, mlango wake unaokwaruza sakafu. Nilizigusa kwa mikono hii. Na katika miaka yote ya ufundi hapa Dodoma, nilichokipenda kuliko vyote ni kitu ambacho huenda hamjui hata jina lake. Kinaitwa konsoli.

Nitaeleza kidogo, msichoke. Seva ya ofisi ya ukubwa wa kati, zile zilizokuwa zikiendesha maghala, bili za maji na kumbukumbu za hospitali, ilikuwa na watu wengi wanaoingia humo kila mmoja kwa skrini yake. Ila kuna skrini moja ambayo mashine huiamini kabla ya zote. Inapoamka, bado haimjui mhasibu wala meneja, inaitafuta hiyo kwanza ili imuulize mtu: niendelee? Ikiikosa, inasimama pale pale na kungoja. Skrini hiyo ndiyo konsoli, na kuiunganisha ndiyo ilikuwa kazi yangu mimi, Sechelela, ambaye sasa nimestaafu na kukaa zangu Ipagala, na mzabibu mmoja uani unaozaa mwaka ukijisikia.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa mjini hapa hapa, babu zake walikuja na misafara wakapapenda wakabaki. Mrefu, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, na haraka haikumjua. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye chumba cha mashine nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, amefumba macho.

"Shikamoo mzee. Umelala?"

"Marahaba. Silali, naisikiliza." Hakufumbua macho. "Inaamka. Mashine ikiamka usiisemeshe, binti. Hata wewe ukiamshwa ghafla unamtukana aliyekuamsha."

Nikakaa chini, nikasikiliza. Kwanza feni. Kisha diski moja ikaanza kuzunguka, ikaitika nyingine, na nyingine, mpaka chumba kizima kikawa na mvumo mmoja wa chini, kama watu wengi wanaoimba midomo imefungwa. Nje jua lilikuwa linachoma na upepo wa huku kwetu unarusha mchanga madirishani, na ndani baridi ya kiyoyozi inakufanya ukumbatie mabega. Enzi hizo kuamka kwa mashine kulikuwa safari. Unaweza kunywa chai, ukamaliza, ukaosha kikombe, bado. Ndoto nyingi za maisha yangu nimeziota macho wazi ndani ya vyumba vile. Nilikuwa namwona marehemu mama, kule Kongwa, amenipa mgongo anapepeta uwele, na makapi yanapaa yanageuka dhahabu juani, wala hayatui chini. Kisha skrini inawaka, maandishi ya kijani, na mama anaondoka.

Ninyi mkisubiri kitu kidogo tu mnafungua simu. Mimi siwalaumu. Ila mnakosa hayo.

Zamani konsoli iliunganishwa kwa waya mnene mweusi, mgumu kukunja, unaotoka skrini moja kwenda nyingine kama watu walioshikana mikono. Kila skrini kwenye mstari ina anwani yake, na konsoli sharti iwe kwenye tundu namba sifuri, anwani sifuri. Yule wa mwisho mstarini lazima afungwe kizibo, la sivyo habari zinafika mwisho zinarudi zinagongana, na skrini zote zinaanza kutetemeka. Nilijifunza mapema kuufuata waya kwa mkono, tangu unapoanzia mpaka unapoishia, hata kama ni kutambaa chini ya meza za watu ukiwa na sketi. Macho hudanganywa na dari. Mkono haudanganyiki.

Ofisi moja mjini walipaka rangi kuta, wakahamisha meza, kisha wakachomeka kila kitu walivyoona inafaa. Tukaitwa. Hakuna karatasi inayotoka kwenye printa tangu asubuhi, na hakuna ajuaye kwa nini. Mzee Shabani akaenda chumba cha mashine, mimi nikaanza kuufuata waya. Ukanipeleka mpaka kwa Mama Stella, karani wa mapokezi, mama mpole aliyekuwa akikaribisha kila mtu kwa karanga.

"Karibu mwanangu. Afadhali umekuja. Hii skrini yangu leo ina maneno! Inaniuliza maswali tangu nimefika."

"Inauliza nini, mama?"

"Kizungu cha mashine, nitakijulia wapi? Lakini nimeijibu yote, sikuacha hata moja. Inanipa herufi nichague. Nikaona C, nikasema hiyo ni chapa. Nimebonyeza C mpaka kidole kinauma."

Wanangu, C kwenye mashine ile ilikuwa ni kughairi. Kila kazi iliyotaka kuchapishwa iliuliza ruhusa kwanza, na Mama Stella, kwa moyo wake mwema, alikuwa akiifuta. Skrini yake ilichomekwa tundu sifuri ikiwa na anwani sifuri, basi mashine ikamwamini yeye kuliko watu wote jengoni. Mzee Shabani alipoelezwa alicheka mpaka akakosa pumzi, akaketi kwenye benchi la wageni. Kisha akavua kofia akamwambia, "Dada yangu, mashine hii imekuheshimu kuliko mkurugenzi. Kwa heshima hiyo tuongezee karanga." Tukapewa karanga, na tukauhamisha waya.

Baadaye waya mnene ukaisha. Ikaja kompyuta ya kawaida ya mezani yenye programu ya kuigeuza konsoli, na waya mwembamba wa mtandao kama mnaoujua. Mashine ikiamka, inatangaza mtandaoni: mimi ni namba fulani, konsoli yangu iko wapi? Kompyuta uliyoiandaa, kama umeiandikia namba hiyo ya mashine, inaitika: niko hapa, anwani yangu hii. Lakini ukikosea tarakimu moja tu, kompyuta inanyamaza. Haitoi hata kosa. Inamsikia mtu anaita, inaona si jina inalolijua, inaendelea na mambo yake. Ndiyo sababu nawaambia ukimya wa mtandao uogopeni kuliko kelele zake. Kelele zina anwani.

Mzee Shabani aliiwahi teknolojia hiyo mwishoni mwishoni, macho yakaanza kuingia ukungu, akastaafu. Alikuwa akinipigia simu mara kwa mara, haniulizi watoto wala afya mpaka kwanza aulize, "Leo umeamsha ipi?"

Sasa niwape lililonifanya niandike.

Kulikuwa na ghala la dawa Ihumwa, karibu na reli, linalohudumia zahanati na vituo vya afya vingi vya huku. Dawa zote zilizoingia na zilizotoka zilikuwa ndani ya seva moja tu. Ilikuwa msimu wa mvua. Radi ilipiga, umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ya konsoli ikaungua. Seva yenyewe ilipona, lakini ilikuwa imeachwa kwenye hali ya mkono, ile ambayo haipigi hatua bila mtu kuiambia endelea. Basi ikaamka, ikatafuta konsoli, ikakosa, ikasimama. Kesho yake asubuhi nikaitwa. Nikaenda na kompyuta mpya, nikaweka programu, nikainama mbele ya mashine nikasoma namba yake kwenye kifuniko, nikaiandika kwenye kompyuta, nikachomeka waya, nikakaa kusubiri.

Kimya. Kwenye kidirisha cha mbele cha mashine, herufi zinazoanza na A6. Kwa sisi mafundi maana yake ni moja: nimeitafuta konsoli yangu, sijaiona.

Nilikuwa nimeshaanza kukagua tena pale alipoingia mfamasia wa ghala, kijana anaitwa Elia. Siku zote ni mcheshi. Siku ile alikuwa ameshika simu kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama Sechelela."

"Marahaba. Bado, mwanangu."

"Mama, kuna mama mmoja ameumwa na nyoka kule Mtera. Tabibu wa zahanati amenipigia. Mguu unavimba na fizi zimeanza kutoa damu. Hawana dawa ya sumu ya nyoka."

"Hapa ipo?"

"Kabatini imekwisha. Hospitali ya mjini wanayo, wameshaitoa, gari linatoka. Lakini korongo limejaa maji barabarani, limekata njia, hatujui gari litavuka saa ngapi. Sisi tulizigawa vituoni, chupa chache chache. Upande ule wa korongo lazima kuna kituo kinazo. Kipi, sikumbuki, na aliyezipeleka yuko likizo, simu haipatikani. Napiga kituo kimoja kimoja, nusu mtandao hakuna. Orodha iko humo, mama." Akaionyesha mashine kwa kidevu.

"Endelea kupiga," nikamwambia. "Mimi naendelea hapa."

Nikapitia kila kitu. Waya niliufuata kwa mkono tangu nyuma ya seva mpaka kwenye kompyuta. Taa zinawaka. Anwani ziko sawa. Kinga ya kompyuta inayozuia wageni nimeizima. Nikarudi kwenye paneli ya mbele, vitufe vya mishale, nikaipa sitini na tano, halafu ishirini na moja, ndiyo njia ya kuiambia mashine itafute konsoli upya. Ikatafuta. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. A6 ikarudi.

Nyuma ya ukuta namsikia Elia, "Halo? Halo, sista, unanisikia? Halo?" Kisha kimya, kisha anaanza na namba nyingine.

Nikampigia Mzee Shabani.

"Umeamsha ipi leo?"

"Haijaamka, mzee. Ya ghala la Ihumwa. Na kuna mtu anakufa." Nikamweleza yote, haraka haraka.

"Usikimbie," akasema. "Inalia sauti gani?"

Nikaishusha simu karibu na mashine, nikaiacha pale asikilize.

"Hiyo ni nzima," akasema. "Inakuita. Tatizo ni jina unaloitikia. Namba umeitoa wapi?"

"Mbele, kwenye kifuniko."

"Kifuniko rangi gani?"

"Cheusi."

"Na ubavuni?"

Nikatazama. Miaka yote ile nilikuwa nimeingia na kutoka chumba kile, na sikuwahi kuona. "Ubavuni... kijivu kidogo, mzee. Haifanani."

"Basi amevaa koti la mwenzake. Mashine ikihamishwa kwa lori, kifuniko kikivunjika, watu huchukua cha mashine iliyokufa. Nenda nyuma, chini, karibu na feni. Jina la kuzaliwa liko mfupani."

Nikasukuma kabati la waya, nikalala ubavu sakafuni. Kulikuwa na kibati kidogo, vumbi jekundu limekigandia. Nikakifuta kwa pindo la kitenge changu, nikamulika kwa simu. Namba ilifanana na ile ya mbele mpaka karibu mwisho, kisha ikapotoka njia.

Nikaiandika kwenye kompyuta. Nikairudia kuisoma kwa sauti. Sitini na tano, ishirini na moja. Kisha nikaita, "Elia!" Akaja akasimama mlangoni, ameegemea.

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri."

Sijui ilikuwa muda gani. Nje mvua ilikuwa imekatika na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imeingia mpaka ndani ya chumba kile cha baridi, ambacho siku zote kilinuka plastiki tu. Mvumo wa mashine ulinizunguka. Macho yangu yalikuwa kwenye skrini nyeusi lakini sikuwa naiona. Nilikuwa naona mkeka, na juu yake mama nisiyemjua uso, na watu wamesimama mlangoni mwake hawataki kuingia. Nikataka kumwambia, subiri kidogo, kuna kitu kinaamka. Nadhani nilisema kwa sauti, maana Elia aliniuliza, "Umesemaje, mama?"

Kidirisha cha mbele kikafutika. Herufi zile zikaondoka. Skrini ikamemeteka, ikazima, kisha ikawaka, na pale juu kabisa ikaniuliza jina na nywila.

Nikaijibu. Ikauliza niendelee? Nikaiambia endelea. Ikaanza kupanda taratibu, hatua kwa hatua, kama mzee anayepanda ngazi na hataki kushikwa mkono. Ilipofika juu nikamwachia Elia kiti. Yeye aliyajua yaliyomo kuliko mimi. Vidole vyake vilikosea mara mbili nywila yake mwenyewe. Kisha akasoma, midomo inacheza.

"Kituo cha afya..." akakitaja jina. "Kiko kule kule upande wao! Hawavuki korongo! Chupa mbili, na hazijarudishwa wala kutumika." Alishapiga simu kabla hajamaliza kusema. Mtandao ukakubali. Sauti ya muuguzi ikasikika mpaka kwangu, haina haraka, kama ameulizwa bei ya nyanya: "Zipo. Ziko kwenye friji. Mnataka nizitoe?"

Elia akaninyooshea simu. Nikachukua simu mimi. "Zitoe, mwanangu. Mgonjwa analetwa kwenu sasa hivi."

Tabibu wa zahanati akampakia yule mama kwenye bodaboda, katikati ya dereva na dada yake, wakaondoka. Sisi hatukuwa na la kufanya tena. Elia alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kucheka peke yake, kisha si kucheka tena. Nikamshika kichwa kama mwanangu. Baadaye nikatoka nje, nikasimama karibu na reli. Treni ya mizigo ilikuwa inapita polepole, behewa moja moja, na kati ya behewa na behewa naona mashamba ya mtama upande wa pili, yanatokea na kupotea, yanatokea na kupotea.

Nikampigia Mzee Shabani kumwambia imeamka. Akasema, "Alhamdulillahi. Na mama?" Jibu nilimpa usiku, Elia alipopata habari: amepewa dawa, damu imeacha, analala. Mzee sasa ametangulia mbele ya haki. Nashukuru kwamba jibu lile lilimfikia.

Mnaweza kuuliza fundi amebakiwa na nini cha kuwafundisha ninyi wa huko mawinguni. Mashine ukimaliza nayo iache kwenye hali ya kawaida, isiwe na haja ya kungoja mtu. Kompyuta ya konsoli iwe na mwenzake wa akiba. Namba isome mfupani. Na kabla hujaketi, uliza nani anangoja upande wa pili, kwa sababu karibu kila mara yupo.

Nilipostaafu, Elia alinipeleka Mtera kumwona. Anaitwa Mama Lea, anakausha na kuuza samaki. Tulimkuta asubuhi, maji ya bwawa yametulia, na ile miti mikavu iliyozama tangu zamani imesimama ndani yake mpaka mbali, kila mmoja na kivuli chake. Akatukaribisha, akatandika mkeka, akatuletea perege na ugali.

"Ndiyo wewe daktari?" akaniuliza.

"Hapana. Nilikuwa fundi wa mashine."

"Ya kupima damu?"

"Ya kuulizia."

"Ahaa," akasema, akaniongezea samaki.

Nikamuuliza siku ile anakumbuka nini. Akafikiri, mkono umebaki hewani na tonge.

"Bodaboda. Tulikuwa tunapita hapa kando ya maji. Nikaona miti ile inatembea. Yote, imetoka majini, inakuja. Nikamwambia dada, tazama, miti imekuja kuniaga. Dada akanifinya, akasema, nyamaza wewe, miti haina pa kwenda, ni sisi tunaokwenda." Akacheka, akala tonge lake. "Basi nikaitazama tu. Ilikuwa mizuri."

Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka barabarani. Mguu wa kulia umekonda kidogo kuliko wa kushoto, na anauweka chini kwa uangalifu, kisigino kwanza. Kuna kijilima cha mawe pale, nikanyoosha mkono nimshike.

"Acha, mama," akaniambia. "Mawe haya huyajui. Nipishe."

Akatangulia yeye, mimi nikamfuata nyuma.